Harry Brearley

Harry Brearley (Sheffield, Uingereza, 18 Februari 1871 – Torquay, Uingereza, 1948) alikuwa mtaalamu wa metali kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa kutengeneza feleji isiyoshika kutu mwaka 1913, aina ya chuma ambayo leo hutumika katika visu, vijiko, vyombo vya hospitali, mitambo ya viwandani na majengo. Watu wengi huiita stenlesi.

Brearley hakuwa akitafuta chuma cha kutengenezea visu. Alikuwa ameombwa kutatua tatizo la mitutu ya bunduki za jeshi la Uingereza, ambayo ilikuwa ikichakaa upesi kwa ndani. Feleji aliyoipata haikutatua tatizo hilo, lakini ilijibu swali jingine la zamani zaidi, yaani jinsi ya kuzuia kutu. Jambo hilo lilimletea sifa, na pia mgogoro mkubwa na waajiri wake.

Utoto na elimu

Brearley alizaliwa mjini Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, akiwa mtoto wa nane kati ya watoto tisa wa John Brearley na mke wake Jane. Baba yake alikuwa myeyushaji wa feleji. Familia iliishi katika ua wa nyumba duni karibu na mtaa wa The Wicker, na maisha yao yalikuwa ya shida.

Sheffield ulikuwa mji wa feleji tangu zamani. Katika karne ya 18 Benjamin Huntsman aligundua huko njia ya kuyeyusha feleji katika vyungu vya udongo, na visu vya Sheffield viliuzwa duniani kote. Kazi ya myeyushaji ilihitaji nguvu nyingi, kwa kuwa alipaswa kuinua kwa koleo ndefu chungu chenye feleji iliyoyeyuka na kuimimina katika kalibu bila kusita. Harry alikuwa akimpelekea baba yake chakula kazini, na hivyo aliyazoea matanuri tangu akiwa mdogo.

Aliacha shule alipokuwa na umri wa miaka 12, akaingia katika kiwanda cha Thomas Firth & Sons alikofanya kazi baba yake. Kwanza alifanya kazi ndogondogo chini ya matanuri. Baada ya muda mfupi alihamishiwa katika maabara ya kemia ya kiwanda, ambako kazi yake ilikuwa kuosha chupa na kuwasaidia wataalamu.

Mkuu wa maabara hiyo, James Taylor, aliona kwamba kijana huyo ana akili na bidii. Alimtia moyo kujifunza hesabu na kumwelekeza katika masomo ya jioni. Brearley hakupata kwenda chuo kikuu. Alijifunza kemia kwa kusoma vitabu usiku na kwa kushika kazi kwa mikono yake mchana, hadi akawa mtaalamu wa kuchambua feleji, yaani kupima ni kiasi gani cha kila elementi kimo ndani yake.

Mwaka 1895 alimwoa Helen Theresa Crank. Walipata mtoto mmoja wa kiume, Leo.

Mwanzo wa kazi ya kitaalamu

Kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20 Brearley alianza kuandika. Pamoja na Fred Ibbotson alitoa mwaka 1902 kitabu juu ya uchambuzi wa malighafi za viwanda vya feleji, na mwaka 1903 alitoa kitabu juu ya kemia ya urani. Baadaye alitoa kitabu kuhusu namna ya kutia joto feleji ya zana (1911) na kingine kuhusu kufanya uso wa feleji kuwa mgumu (1914).

Mwaka 1904 alikwenda Riga, mji ambao wakati ule ulikuwa sehemu ya Milki ya Urusi na leo ni mji mkuu wa Latvia. Kampuni ya Firth ilikuwa na kiwanda huko. Alianza kama mkemia, akashika kazi ya kutia joto feleji, na mwishowe akawa meneja wa kiwanda katika kipindi cha machafuko ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1905. Kwa sababu vifaa vilikuwa haba, alilazimika kutegemea macho na mikono ya mafundi kuliko mitambo ya kupimia. Tangu hapo aliheshimu ujuzi wa fundi asiye na cheti sawa na elimu ya maabara.

Alirudi Sheffield mwaka 1907. Kampuni mbili kubwa za feleji, Thomas Firth & Sons na John Brown & Company, zilikuwa zimekubaliana kuanzisha maabara ya pamoja ya utafiti. Maabara hiyo ya Brown-Firth ilianza mwaka 1908, na Brearley akawekwa kuwa mkuu wake.

Kutu na bunduki kabla ya mwaka 1912

Ili kuelewa kazi ya Brearley ni lazima kutofautisha maadui wawili wa bunduki.

Adui wa kwanza ni kutu. Chuma kinapokutana na maji na oksijeni hugeuka kuwa oksidi nyekundu inayobomoka. Kwa vile oksidi hiyo haishikamani vizuri na chuma kilicho chini yake, hewa na unyevu hupenya na kutu inaendelea kula. Chumvi ya bahari na jasho la mikono huharakisha uharibifu huo. Vilevile fataki za risasi za zamani ziliacha ndani ya mtutu mabaki ya chumvi yaliyovuta unyevu, hivyo askari alipaswa kuosha mtutu kwa maji ya moto, kuukausha na kuupaka mafuta kila baada ya kufyatua.

Njia ya kawaida ya kuukinga uso wa nje ilikuwa kutumia kutu dhidi ya kutu. Fundi aliusafisha mtutu mpaka usibaki na mafuta, akaupaka dawa yenye asidi, akauacha katika chumba chenye unyevu mpaka uote utando mwembamba wa kutu. Baadaye aliusugua kwa brashi laini ya waya na kurudia kazi hiyo mara nyingi. Utando ulioachwa hivyo ulikuwa wa rangi ya kahawia. Ukichemshwa katika maji kila mara kabla ya kusuguliwa, kutu nyekundu iligeuka kuwa magnetiti, oksidi nyeusi inayoshikamana na chuma, na mtutu ukawa na rangi nyeusi yenye ubluu. Utando huo ni mwembamba sana, na peke yake hauzuii kutu kwa muda mrefu. Faida yake kubwa ni kwamba unashika mafuta na kuondoa mng'ao.

Njia nyingine ilikuwa kupaka nikeli kwa umeme, iliyoenea katika bastola tangu miaka ya 1870. Mwaka 1906 Thomas Watts Coslett wa Birmingham alipata hataza ya Uingereza kwa njia ya kuchemsha chuma katika asidi ya fosfori ili kujenga utando wa fosfati.

Adui wa pili ni mmomonyoko wa ndani ya mtutu. Huo hausababishwi na hewa bali na ufyatuaji wenyewe. Gesi za baruti zikiwa na joto kali na kani kubwa hupita juu ya uso wa chuma, hasa pale risasi inapoingia katika mtutu, na kidogokidogo hukwangua mifereji ya mzunguko inayoizungusha risasi. Mifereji ikiisha, risasi haiendi tena kwa unyofu.

Jeshi la Uingereza lililijua tatizo hili vizuri. Bunduki ya Lee-Metford ilikuwa na mifereji mifupi kwa kina, iliyofaa baruti ya zamani. Baruti mpya isiyo na moshi, iliyoitwa kordaiti, ilipoanza kutumika katika miaka ya 1890, mitutu hiyo ilichakaa mapema mno. Ndiyo sababu mwaka 1895 ilipokewa bunduki ya Lee-Enfield, yenye mifereji mitano ya kina zaidi. Mabadiliko hayo yalirefusha maisha ya mtutu, lakini mmomonyoko haukwisha.

Ugunduzi wa mwaka 1913

Mwaka 1912 Brearley aliombwa kuchunguza mmomonyoko huo, na alitembelea kiwanda cha silaha cha serikali kule Enfield, kaskazini mwa London. Katika ripoti yake ya mwezi Juni mwaka huo alipendekeza kujaribu feleji yenye kaboni kidogo na kromi nyingi kuliko ilivyokuwa kawaida. Alitumaini kwamba feleji ya namna hiyo ingestahimili joto la gesi.

Majaribio ya kwanza ya kuiyeyusha katika vyungu hayakufaulu, kwa sababu kaboni ilizidi. Hatimaye, tarehe 13 Agosti 1913, ilimiminwa kutoka tanuri la umeme feleji yenye takriban asilimia 12.8 ya kromi na asilimia 0.24 ya kaboni. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa feleji yake ya kwanza isiyoshika kutu.

Mitutu iliyotengenezwa kwa feleji hiyo ilipelekwa kujaribiwa, lakini wenye kiwanda cha silaha hawakuona faida ya kutosha. Kwa upande wa swali lililoulizwa, kazi ilikuwa imeshindikana.

Jambo muhimu lilitokea katika maabara. Ili kuchunguza muundo wa feleji kwa hadubini, wataalamu hukata kipande, hukisugua mpaka king'ae kama kioo, kisha hukichovya katika asidi hafifu ili mistari ya ndani ionekane. Kipande cha feleji yenye kromi kilikataa kuliwa na asidi ya nitriki iliyochanganywa na spiriti. Brearley alikijaribu pia kwa siki na kwa maji ya limau, na mng'ao haukuondoka. Iko hadithi inayosimuliwa mara nyingi kwamba aliona mtutu uking'aa katikati ya vyuma chakavu vyenye kutu nje ya kiwanda. Maelezo ya maabara ndiyo yanayopatana zaidi na namna alivyofanya kazi.

Sababu ya tabia hiyo ni kromi. Feleji ikiwa na walau asilimia 10.5 ya kromi, oksijeni ya hewa hutengeneza juu yake utando wa oksidi ya kromi. Utando huo ni mwembamba kiasi cha kutoonekana, lakini umeshikamana na metali na hauruhusu oksijeni kupenya. Ukikwaruzwa, unajijenga upya mara moja ilimradi hewa ipo. Hapa ndipo tofauti na rangi, nikeli au utando wa oksidi nyeusi: kinga haikupakwa juu, bali inatoka ndani ya chuma chenyewe.

Visu visivyokata

Akiwa mtoto wa Sheffield, Brearley alifikiria visu mara moja. Visu vya mezani vya wakati ule vilitengenezwa kwa feleji ya kaboni. Vilipotumika kwa matunda au chakula chenye siki viligeuka vyeusi, na kila baada ya mlo vilihitaji kusuguliwa. Katika nyumba za matajiri kazi hiyo ilifanywa na watumishi. Katika nyumba za maskini ilifanywa na mama au watoto.

Wakuu wa Firth hawakuvutiwa na wazo hilo. Brearley aliwapa mafundi wawili wa mjini vipande vya feleji yake watengeneze visu. Wote wawili walirudisha jibu baya. Feleji ilikuwa ngumu kufuliwa, iliharibu vifaa, na visu vilivyopatikana havikushika makali. Akaanza kudhihakiwa mjini kuwa mgunduzi wa visu visivyokata.

Kasoro haikuwa katika feleji bali katika namna ya kuitia matiko. Mafundi waliifua na kuichovya kwa joto walilozoea kwa feleji ya kaboni, wakati feleji yenye kromi inahitaji joto kubwa zaidi kabla ya kupozwa ghafla ili iwe ngumu.

Mwaka 1914 alikutana na Ernest Stuart, meneja wa kampuni ya visu ya R. F. Mosley. Stuart hakuamini kwamba feleji kama hiyo ingewezekana, wala hakuona kwamba ingefaa kitu, mpaka alipoijaribu kwa siki. Baada ya majaribio machache, Brearley mwenyewe akisaidia kuelekeza joto la kutia matiko, vilipatikana visu vizuri. Brearley alikuwa akiiita feleji hiyo isiyo na kutu. Stuart ndiye aliyependekeza jina la Kiingereza lenye maana ya kutokuwa na madoa, nalo likabaki.

Mgogoro na kampuni ya Firth

Mara ilipoonekana kwamba kuna soko, swali la mwenye haki likazuka. Brearley aliona kwamba makubaliano yake na maabara yalimpa sehemu katika ugunduzi wowote. Kampuni ya Firth iliona kwamba feleji ni mali yake, kwa kuwa ilipatikana katika maabara iliyogharimiwa nayo. Hakuna hataza iliyokuwa imeombwa nchini Uingereza, na kampuni ilianza kuiuza feleji hiyo kwa jina lake.

Brearley alijiuzulu. Mwaka 1915 akawa meneja wa kiwanda cha Brown Bayley, pia mjini Sheffield. Nafasi yake katika maabara ilichukuliwa na William Herbert Hatfield, ambaye baadaye aliendeleza feleji yenye asilimia 18 ya kromi na 8 ya nikeli, ambayo ndiyo aina inayotumika sana hadi leo.

Kwa kuwa Uingereza ilikuwa imefungwa kwake, Brearley alishirikiana na John Maddocks kuomba hataza nchi za nje. Hataza ya Marekani ilitolewa mwezi Septemba 1916. Huko alikuta mpinzani, Elwood Haynes wa Kokomo, Indiana, mmoja wa watangulizi wa motokaa nchini humo, aliyekuwa amefikia feleji za aina hiyohiyo kwa njia yake mwenyewe. Hataza ya Haynes ilitolewa mwaka 1919. Badala ya kuendelea kushindana, pande hizo ziliunganisha haki zao katika kampuni moja yenye makao Pittsburgh, iitwayo American Stainless Steel Company. Firth nayo ilipatana na Brearley, wakaunda mwaka 1917 kampuni ya Firth-Brearley Stainless Steel Syndicate ili kusimamia haki hizo duniani.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilichelewesha visu. Feleji yenye kromi ilihitajiwa kwa vali za injini za ndege, ambazo hupitiwa na gesi za moto. Hivyo chuma kilichokataliwa kwa mitutu kiliingia vitani kwa mlango mwingine.

Suala la nani wa kwanza

Brearley hakuwa peke yake. Mfaransa Pierre Berthier aliona mwaka 1821 kwamba chuma chenye kromi hustahimili asidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Léon Guillet wa Ufaransa alichunguza feleji za kromi bila kuzingatia sana tabia yake ya kukataa kutu. Nchini Ujerumani Philipp Monnartz alieleza mwaka 1911 uhusiano kati ya kiasi cha kromi na uwezo wa kustahimili kutu. Mwaka 1912 Benno Strauss na Eduard Maurer wa kampuni ya Krupp waliomba hataza kwa feleji yenye kromi na nikeli.

Kwa sababu hiyo wanahistoria wengi hawasemi kwamba mtu mmoja aliigundua feleji isiyoshika kutu. Mchango wa Brearley ulikuwa kutambua kwamba tabia iliyowasumbua wataalamu wa hadubini ingeweza kuwa na faida nyumbani, na kushikilia wazo hilo mpaka likafika mezani.

Ukingaji wa bunduki baada ya Brearley

Tatizo la mmomonyoko lilipata jibu la sehemu kwa kutumia elementi ileile ya kromi, ila kwa namna nyingine. Badala ya kuichanganya na feleji ya mtutu wote, viwanda viliipaka kwa umeme ndani ya mtutu kama utando mgumu. Bunduki ya Kijapani ya Arisaka Aina ya 99 ilitengenezwa hivyo kabla ya matoleo ya mwisho wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na baadaye njia hiyo ilienea pamoja na bunduki ya AK-47.

Kwa uso wa nje, majeshi yalifuata njia ya fosfati iliyoanzishwa na Coslett. Ilipoboreshwa nchini Marekani na kampuni ya Parker ilitumika kwa bunduki kama M1 Garand. Utando wa fosfati ni mnene kuliko ule wa oksidi nyeusi, hauna mng'ao, na una vitundu vidogo vinavyofyonza mafuta. Uingereza iliongeza rangi nyeusi juu ya fosfati katika silaha nyingi za Vita Kuu ya Pili.

Feleji isiyoshika kutu iliingia polepole katika silaha ndogo. Bastola ya Smith & Wesson Model 60, iliyotolewa mwaka 1965, ndiyo ya kwanza kujulikana sana kwa kutengenezwa kwa feleji hiyo. Hata hivyo feleji hiyo si kinga kamili. Chumvi ya bahari inaweza kutoboa utando wake na kuacha vishimo, kwa hiyo katika hewa ya pwani bado inahitaji kuoshwa na kufutwa. Tena, kwa kuwa inakataa dawa, haiwezi kutiwa weusi kwa njia za kawaida zinazotumika kwa feleji ya kaboni.

Kwa bunduki za zamani zinazohifadhiwa katika makumbusho au na wakusanyaji wenye kibali, uchaguzi wa kinga hutegemea mambo yafuatayo:

- Hali ya uso wa asili. Utando wa awali, hata ukiwa umefifia, ni sehemu ya historia ya silaha. Kuusugua kunafuta pia mihuri ya kiwanda na ya jeshi. Kama kutu imetulia, mara nyingi inatosha kusafisha taratibu na kupaka mafuta au nta.
- Namna silaha ilivyounganishwa. Mitutu miwili ya bunduki za zamani za kuwindia mara nyingi iliungwa kwa risasi na stani. Maji ya moto yenye magadi makali, yanayotumika kutia weusi kwa haraka kwa joto la takriban sentigredi 140, hula maungio hayo. Kwa silaha kama hizo hutumika njia ya kale ya kutu na kuchemsha.
- Matumizi na mazingira. Kwa silaha iliyoundwa kwa fosfati na inayokaa mahali penye unyevu, fosfati iliyojaa mafuta hudumu kuliko oksidi nyeusi. Kwa silaha ya maonyesho iliyokuwa na weusi wenye mng'ao, fosfati hubadilisha sura yake kabisa.
- Madhara ya kupasuka kwa utando. Nikeli hung'aa na hudumu, lakini ikibanduka mahali pamoja, maji huingia chini yake na kutu huenea bila kuonekana.

Katika njia zote hizo isipokuwa nikeli na feleji isiyoshika kutu, mafuta ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi, na utando uliopo husaidia kuyashika.

Miaka ya mwisho

Katika kampuni ya Brown Bayley Brearley aliendelea na utafiti wa utengenezaji wa feleji, akawa mkurugenzi mwaka 1925. Pamoja na ndugu yake Arthur alikuwa ametoa mwaka 1918 kitabu kuhusu kumimina feleji katika kalibu. Mwaka 1920 alipewa Nishani ya Dhahabu ya Bessemer, tuzo kubwa ya wataalamu wa chuma na feleji wa Uingereza.

Mwaka 1933 aliandika kuhusu maisha ya wafua feleji wa Sheffield, na mwaka 1941 alitoa tawasifu yake iitwayo Knotted String. Katika maandishi hayo alitetea ujuzi wa mafundi wa zamani, ambao waliweza kukadiria kaboni kwa kuangalia tu jinsi feleji ilivyovunjika.

Mwaka huohuo wa 1941 alianzisha mfuko wa hisani uitwao Freshgate, ili kuwawezesha watu wa Sheffield na jirani kupata elimu, safari, muziki na sanaa ambavyo yeye mwenyewe alivikosa utotoni. Alifariki mwaka 1948 kule Torquay, kusini mwa Uingereza.

Urithi

Feleji isiyoshika kutu ilibadilisha kwanza jikoni, halafu hospitali, viwanda vya maziwa na vya kemikali, ambako chombo kinachoshika kutu ni hatari kwa afya. Kuanzia miaka ya 1920 ilionekana pia katika majengo. Kilele cha jengo la Chrysler mjini New York, lililokamilika mwaka 1930, kimefunikwa kwa feleji ya aina iliyotokana na kazi ya Krupp.

Mjini Sheffield Brearley anakumbukwa kwa mchoro mkubwa wa ukutani uliochorwa mwaka 2013, miaka 100 baada ya ugunduzi wake. Mfuko wa Freshgate unaendelea kutoa misaada hadi leo.